Shajara ya giaboksi ya megawati 3: kutoka kwenye jino hadi ukuta wa ndani wa sayari

Wiki ya 1

Tumeanza. Kazi yetu ni hatua ya mwisho ya giaboksi ya injini ya ndege ambamo turbaini inazungusha propela. Nguvu inaingia ikiwa megawati 3, yaani nguvu za farasi 4,000 na ushei, kwa mizunguko 4,400 kwa dakika, na inatoka kwenda kwenye propela kwa mizunguko 1,085. Turbaini hupenda kukimbia. Propela ya mita 4 haiwezi kukimbia nayo, kwa sababu ncha za mapanga yake zikikaribia mwendo wa sauti, nguvu inaishia kwenye kelele badala ya kuivuta ndege. Kati ya hao wawili lazima akae mpatanishi, na mpatanishi huyo ndiye anayebeba mzigo wote, safari nzima, bila kupumzika.

Tumechagua mpangilio wa sayari: gia jua katikati yenye meno 37, sayari tano zenye meno 38 kila moja, na pete ya nje yenye meno 113 iliyofungwa kwenye kasha. Kibebeo kinachoshika sayari ndicho kinachozungusha propela. Hesabu hizi za meno hazikuja kwa bahati. 37 na 113 ni namba tasa, na 38 haina kigawo cha pamoja na yoyote kati yake. Kwa hiyo jino lenye kasoro hukutana na meno yote ya mwenzake kabla ya kurudi kwa lile la kwanza, na halipati nafasi ya kumgonga jirani mmoja kila mara mpaka amchimbe.

Wapo waliotangulia mbali sana. Pratt & Whitney waliingiza injini yao ya feni yenye gia kwenye huduma ya abiria mwaka 2016, na Rolls-Royce wamejaribu giaboksi ya injini yao ya UltraFan hadi megawati 64. Sisi tuna megawati 3. Lakini jino halijui ukubwa wa mradi. Linajua tu limebanwa kiasi gani na mara ngapi, na hilo la mara ngapi ndilo linalonikosesha usingizi. Jino moja la gia jua, kwa kuwa sayari tano zinalipitia, linabanwa karibu mara milioni 1 kila saa. Meno ya sayari yana shida yake: upande mmoja yanasukumwa na jua, upande wa pili yanasukuma pete, kwa hiyo kila mzunguko yanapindishwa huku kisha kule. Chuma kinachopindishwa pande zote mbili huchoka mapema kuliko kinachopindishwa upande mmoja.

Lengo la awamu hii ni saa 500 kwa nguvu kamili bila kubadilisha kipande chochote kinachozunguka.

Wiki ya 4

Gia zimerudi kutoka kwenye tanuru na kwenye mashine ya kusaga. Gia jua ni ya chuma cha 9310, kilichozoeleka kwenye gia za ndege kwa miongo mingi. Sayari ni za chuma cha M50NiL, kwa sababu njia ya nje ya beringi, yaani ukuta ambao rola zake hubingirikia, tumeichonga ndani ya sayari yenyewe, bila pete ya beringi ya kupachika. Kipande kimoja kinafanya kazi mbili: nje ni gia, ndani ni beringi. Uzito umepungua, na hakuna pete inayoweza kuteleza. Niliupenda uamuzi huu tulipoufanya.

Chuma cha aina hii hunyweshwa kaboni kwenye ngozi tu, kisha kinapozwa ghafla. Ngozi inakuwa ngumu kiasi cha kukwaruza kioo, kiini kinabaki na ustahimilivu wa kumeza mshtuko. Baada ya hapo jino linasagwa hadi umbo lake kamili, na hapo ndipo hatari ilipo, maana jiwe la kusaga likiwa butu au likikosa maji ya kupoza, linaichoma ngozi ile ile tuliyoilipia tanuru. Kwa macho huoni kitu. Jino linang'aa vizuri tu.

Jana tulichovya gia jua tatu kwenye asidi ya nitriki iliyochanganywa na alkoholi, tukazisuuza, tukazipeleka kwenye mwanga. Ya kwanza ilikuwa ya kijivu sawasawa, kama jivu lililochekechwa. Ya pili nayo safi. Kwenye ya tatu, ubavuni mwa meno manne yanayofuatana, kulikuwa na kivuli cha kahawia iliyokolea, kila kimoja ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, chini kidogo ya katikati ya jino. Hapo chuma kilipata joto kupita kiasi, ugumu ukapungua. Fundi wa kusaga aliitazama kimya, akaigeuza, akaitazama tena, kisha akasema, "Jiwe lile nilipaswa kulinoa kabla ya hii." Gia hiyo tumeikata vipande siku hiyo hiyo, isije ikarudi kwenye rafu kimakosa.

Mizizi ya meno ya sayari imepigwa kwa punje ndogo za kauri. Kila punje huacha kishimo kisichoonekana na kuubana uso wa chuma, na uso uliobanwa hauachii ufa kirahisi. Kisha zote zimeoshwa pamoja na pini zake, yaani mihimili ya kibebeo ambayo sayari huizunguka.

Wiki ya 7

Mtambo wa majaribio umesimama. Hakuna mota ya megawati 3 hapa, wala haihitajiki. Tumeweka giaboksi mbili zikitazamana, jua limeunganishwa na jua, kibebeo na kibebeo, kisha pete ya mojawapo inasokotwa kwa mkono wa haidroliki wenye urefu wa sentimita 60. Ukiusukuma mkono huo kwa tani tatu na ushei, msokoto unafungiwa ndani ya mzunguko, na nguvu inazunguka kutoka giaboksi moja hadi nyingine na kurudi. Mota ya kilowati 75 inafidia tu kinachopotea. Njia hii ni ya zamani na naiheshimu. Ukiiona mota ndogo ile ikiendesha mzigo wa ndege nzima, unaelewa mara moja jinsi upotevu wa gia nzuri ulivyo mdogo.

Wiki ya 9

Tumeendesha kwa theluthi ya mzigo, kisha nusu. Tulibandika vipima mkazo kwenye mizizi ya meno ya pete, sehemu nane kuzunguka duara. Kila sayari inapopita, mchoro unapanda na kushuka. Vilima vitano kwa kila mzunguko wa kibebeo, na vilitakiwa kufanana kama watoto mapacha.

Havikufanana. Sayari namba 3 ilikuwa ikibeba asilimia 18 zaidi ya wastani. Namba 5 ilikuwa ikibeba pungufu.

Kwa mtu wa nje, asilimia 18 si kitu. Kwa beringi ya rola ni jambo kubwa, kwa sababu umri wake hauendi sambamba na mzigo. Unapungua kwa mzigo kupandishwa kwenye kipeo cha 10/3. Hesabu inakuja hivi: mzigo ukizidi kwa asilimia 18, umri unashuka hadi kama asilimia 58 ya ule uliokusudiwa.

Sayari zikiwa tatu, gia jua ikiachwa ielee, yaani isishikwe na beringi yoyote, inajitafutia yenyewe mahali ambapo zote tatu zinabeba sawa, kama jiko la mafiga matatu lisivyoyumba hata pasipo tambarare. Zikiwa tano, kuelea kunasaidia ila hakumalizi. Tano lazima zipangwe kwa usahihi wa mashine. Tulipima matundu ya pini kwenye kibebeo: tundu la 3 lilikuwa limesogea mikroni 22. Unywele wa mtu ni mnene mara tatu ya hapo. Tumechonga kibebeo kipya, tumepima kila tundu kwa joto lile lile la chumba, na tumerefusha shafti ya gia jua iwe nyembamba zaidi ili ipinde kidogo inapotakiwa.

Wiki ya 11

Kibebeo kipya: sayari iliyozidi zaidi imezidi kwa asilimia 6. Tunaendelea.

Wiki ya 12

Wiki hii yote ni oili. Kwa nguvu kamili tunapoteza asilimia 0.8, ambayo kwa megawati 3 ni kilowati 24 za joto, na joto lote hilo linaondoka na oili. Tulianza kwa kumwaga nyingi tukidhani tunalinda. Joto likapanda. Tulipopunguza kutoka lita 38 hadi lita 27 kwa dakika, likashuka nyuzi 9.

Sababu ilionekana tulipoweka dirisha la akriliki kwenye kifuniko. Kibebeo kinazunguka mara 18 kwa sekunde, na oili iliyonaswa kati ya sayari mbili haina pa kutokea, inapigwa mpaka inakuwa povu jeupe kama maziwa yaliyochemka. Nguvu tuliyoidhania inaliwa na meno ilikuwa inaliwa na mapigo hayo. Tumeweka vizuizi vya bati kati ya sayari, vyenye mkondo wa kuielekeza oili nje mara baada ya kutoka kwenye meno, na upotevu umeshuka chini ya asilimia 0.7.

Tando la oili kati ya meno mawili yanayobanana ni jembamba kuliko mikroni 1. Uso wa jino ukiwa na vilele virefu kuliko tando hilo, vilele vinagusana na kuchimbana vijishimo vidogo vidogo. Ndiyo maana baada ya kusaga tumeyang'arisha meno kwenye chombo cha mtetemo chenye mawe madogo na kemikali, hadi ukwaruzo wa mikroni 0.1. Ukipitisha kidole, ni kama kupitisha juu ya glasi iliyolowa.

Wiki ya 15

Saa 61 kwa nguvu kamili. Tumesimama.

Saa ya 61 kengele ya kizibo cha sumaku ililia. Kizibo hiki kinakaa chini kabisa mwa kasha, oili inapita juu yake, na chembe ya chuma ikinaswa inaunganisha nyaya mbili. Nilikifungua mwenyewe. Kwa kawaida unakuta ute mweusi, vumbi laini la kuzoeana kwa meno. Safari hii palikuwa na magamba matatu. Kubwa lilikuwa na urefu wa milimita 1 na nusu, jembamba kama ganda la kitunguu. Chini ya lenzi, upande mmoja uling'aa kama kioo ukiwa na mistari myembamba sambamba, upande wa pili ulikuwa mkwaruzo wa kijivu uliojaa vidaraja. Upande unaong'aa ndio uso uliokuwa ukikanyagwa. Upande wa kijivu ndio uliong'oka.

Dada wa maabara ya metali aliyapima: molibdenamu nyingi, vanadiamu kiasi. Ni chuma cha sayari. Lakini kwetu jino la sayari na njia ya beringi ni kipande kimoja, kwa hiyo kemia haikutuambia ni nje au ndani. Mistari ndiyo iliyosema. Akaniita: "Kaka, tazama mistari inavyokwenda. Jino huteleza likigusana na jingine, huacha mikwaruzo ya kupanda na kushuka. Hapa kitu kimebingirika."

Tulifungua. Meno yote ya sayari namba 3 yalikuwa mazima, bado yanang'aa kama siku ya kwanza. Ndani, kwenye ukuta anapobingirika rola, palikuwa na kidonda cha milimita 2 kwa 3. Si kikubwa. Mtu mwenye haraka angesema tuweke beringi nyingine tuendelee.

Tuliikata sayari katikati ya kidonda, tukaing'arisha, tukaiweka chini ya hadubini. Kutoka ukingoni mwa kidonda ulikuwa umeondoka ufa. Mwanzoni ulikwenda sambamba na uso, robo milimita chini yake, umbali wa karibu milimita 4. Kisha ukageuka. Ulikuwa umeanza kushuka kwenye unene wa ukuta kuelekea mzizi wa jino. Ukuta huo una milimita 13 tu. Ufa ulikuwa umekwenda chini ya milimita 1 kati ya hizo.

Niliketi na picha ile kwa muda mrefu. Tarehe 29 Aprili 2016, helikopta aina ya EC225 ilipoteza rota yake kuu angani karibu na Turøy, Norwe, na watu 13 waliokuwemo wakafa. Uchunguzi uligundua kwamba sayari moja ya hatua ya pili ya giaboksi ilipasuka kwa uchovu wa chuma. Ufa ulianzia kwenye kishimo kidogo sana katika njia ya nje ya beringi, ukasafiri chini ya uso ukitoa magamba machache, kisha ukageukia meno na kuupasua ukuta bila mfumo wowote wa tahadhari kuugundua. Miaka saba kabla, tarehe 1 Aprili 2009, helikopta ya ukoo huo huo ilianguka karibu na pwani ya Uskoti na watu 16 wakafa, na hapo pia ilikuwa sayari ya hatua ya pili. Nilikuwa nimesoma ripoti zote mbili kabla ya kuanza mradi huu. Nilizisoma kama habari za helikopta. Vipima mkazo vyangu vyote nilivibandika kwenye mizizi ya meno.

Wiki ya 16

Tumepata chanzo. Kwenye njia ya beringi, nje ya kidonda, kulikuwa na vibonyeo viwili vya duara vyenye ukingo ulioinuka. Rola likipita juu ya ukingo kama huo, mkazo unaruka ghafla kwenye eneo dogo kuliko ncha ya sindano, na hapo ndipo ufa unapozaliwa. Kitu kigumu cha mviringo kilipita kati ya rola na ukuta.

Tulimulika tundu la oili la pini namba 3, lenye upana wa milimita 3. Kwenye kona ambapo matundu mawili yanakutana, ndani ya weusi wa oili iliyoganda, palikuwa na nukta nyeupe. Tuliitoa kwa waya uliopakwa grisi. Punje ya kauri, ile ile ya kupigia mizizi ya meno.

Sayari na pini zilioshwa kwenye beseni moja. Punje zilizobaki kwenye meno zikahamia kwenye matundu ya pini. Chujio letu ni zuri, lakini liko kabla ya pini, na kilichokwisha kuwa ndani ya pini hakipiti tena kwenye chujio. Sumaku nayo haishiki kauri. Ulinzi wote tulioupanga ulikuwa umetazama upande mwingine. Fomu ya usafishaji wa pini ina saini yangu, na nimeandika hivyo kwenye ripoti.

Mwenzangu wa data alirudia rekodi zote za mtetemo. Mstari mkuu wa kukutana kwa meno, ule wa mapigo 2,044 kwa sekunde, haukubadilika hata kidogo mpaka tunazima mtambo. Beringi ya sayari inazunguka huku ikisafirishwa na kibebeo, na mlio wake unapita kwenye meno kabla ya kufika kwenye kasha, unafika umechoka. Alipochuja ishara kwa kufuata zamu ya kila sayari inapopita chini ya kipima, kilima kidogo kikajitokeza kwa namba 3 kuanzia saa ya 54. Saa 7 kabla ya sumaku. Sasa uchujaji huo unafanyika papo hapo, mtambo ukiwa unazunguka.

Wiki ya 19

Sayari mpya zimefika. Mabadiliko:

Ukuta kati ya mzizi wa jino na njia ya beringi sasa ni milimita 16 badala ya 13. Rola zimekuwa ndogo kidogo, na uwezo wa beringi kwenye karatasi umepungua. Tulibishana siku mbili juu ya hili. Mzee wa beringi alitetea rola kubwa, na kwa hesabu ya umri wa beringi peke yake alikuwa sahihi. Mimi nilisema ukuta mnene haupindi sana chini ya mzigo, na ufa ukizaliwa una safari ndefu zaidi, kwa hiyo sumaku inapata muda. Mwishowe alisema, "Basi nipe oili safi, nami nitakupa umri uliopotea." Tumekubaliana kwa sharti hilo.

Injini kubwa za feni zenye gia zimeliacha tatizo hili kwa njia nyingine, sayari zake hazina rola kabisa, zinaelea juu ya tando la oili kwenye beringi laini. Hapo hakuna uchovu wa kubingirika. Lakini beringi laini isipopata oili hufa upesi sana, na propela huweza kuendelea kuzungushwa na upepo hata injini ikiwa imezimwa. Kwetu, rola zinabaki.

Matundu yote yanazibwa kwa vizibo vya mpira vya rangi ya chungwa kabla ya kupigwa punje, vizibo vinahesabiwa vikiingia na vikitoka. Pini zinaoshwa peke yake, zinasukumiwa oili ya moto kwa presha, na oili hiyo inapitishwa kwenye kitambaa cheupe mpaka kitambaa kitoke safi mara tatu mfululizo. Kila pini ina wavu wake mdogo mdomoni.

Kitambaa cha kwanza cha pini namba 2 kilitoka na punje mbili.

Wiki ya 23

Saa 140 kwa nguvu kamili, sayari mpya. Kizibo cha sumaku tunakifungua kila saa 10, kengele ilie isilie. Leo asubuhi: ute mweusi, hakuna gamba. Kilima cha namba 3 hakipo. Joto la oili ikitoka ni nyuzi 112, halijasogea kwa wiki mbili.

Zimebaki saa 360. Kesho tunapandisha mzigo hadi asilimia 110 kwa saa 20, na mwenzangu wa data ameomba kipima cha pili cha mtetemo kiwekwe juu ya kasha, upande wa propela. Nimemwambia akiweke leo kabla hatujazima taa.